Hedifoni za kukata kelele zikianza vituko: pitia hapa kabla hujaenda kwa fundi

Hizi hedifoni za bei mbaya, Sony za ukoo wa WH-1000X, Bose QuietComfort, AirPods Max, Sennheiser Momentum na wenzake, shida yao kubwa sio kuharibika, shida yao ni ujuaji. Zina maiki kila upande, zina sensa inayojua umevaa au umevua, nyingi unazigusa kikombeni zinatii, zinakumbuka mpaka simu uliyoiuza mwaka juzi, na kila kimoja kati ya hivo vitu kinaweza kukufanyia jambo ambalo hujaliomba afu we ukadhani hedifoni imekufa. Mtu anabeba anapeleka kwa fundi, fundi anafungua kikombe kwa bisibisi, na hapo ndo inaharibika kweli sasa.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, zingine ruka, ila hii ya kwanza soma tu hata kama sio yako manake kesi nyingi zinaanzia humo.

"Haikati kelele kama zamani"

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Maiki za nje zinasikia kelele, chipu inatengeneza mawimbi yale yale lakini kichwa chini miguu juu, spika inayatoa, yakikutana na kelele yenyewe sikioni yanauana. Ndani ya kikombe kuna maiki nyingine inakagua kilichobaki ili chipu irekebishe. Hiyo hesabu inakubali vizuri kwa mngurumo wa chini usiobadilika badilika, yaani feni, jenereta, kiyoyozi, injini ya basi, ndege. Na ndo ilipozaliwa hii kitu, Amar Bose wazo lilimjia mwaka 1978 akiwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston, kampuni yake ikaja kutoa za marubani mwaka 1989. Kwahiyo ukitegemea ifute mtoto anayelia, honi ya bodaboda au jirani anayecheka kwa nguvu, kila siku utaona imeharibika. Sauti za juu na za kushtukiza zinazuiwa zaidi na ule mto wa sikioni wenyewe, maiki hapo hazina msaada mkubwa.

Jaribu hivi. Washa feni namba ya mwisho, kaa karibu, vaa hedifoni bila muziki, uwashe na kuzima ukataji kelele mara kadhaa. Kama ule mngurumo unapotea unabaki na kaupepo tu, hedifoni yako nzima kabisa. Kama huoni tofauti, endelea kusoma.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni mwanya. Mto usipoziba kuzunguka sikio lote, kelele inaingia pembeni na besi inatokea hapo hapo, afu unasikia muziki mwembamba na kelele juu yake. Miwani ya vijiti vinene, rasta, misuko inayopita juu ya sikio, hereni kubwa, ushungi uliokunjana, kofia, zote hizo zinaacha njia. Kujua kama ni mwanya: feni inanguruma, ukataji umewashwa, weka viganja kwenye vikombe vyote viwili uvisukume taratibu kuelekea kichwani bila kuziba vile vitundu vya maiki. Kama feni imekufa ghafla na besi imerudi, ugonjwa umeshaupata na hauko ndani ya hedifoni.

Mwenye miwani, pandisha vijiti vikae juu kidogo kuliko kawaida, au tafuta fremu ya vijiti vyembamba kwa ajili ya safari. Mwenye rasta au misuko, zirudishe nyuma ya sikio mto ukae kwenye ngozi, hata kamsuko kamoja kakipita chini ya mto utakasikia. Wanaovaa ushungi wana njia mbili na kila moja ina gharama yake: ukivaa hedifoni juu ya kitambaa, hakikisha ni tabaka moja limenyooka, mikunjo ndo inayovujisha. Ukiivaa chini ya ushungi, mto unaziba vizuri sana ila sasa kitambaa kinalala juu ya maiki za nje na kila ukigeuza shingo unasikia kwaru kwaru, hapo kitambaa laini chepesi ndo dawa, na pini usiziweke usawa wa vikombe.

Chanzo kingine ni mito yenyewe kuchoka. Nyingi zimevikwa ngozi ya bandia, na ngozi ya bandia na joto la pwani haziivi, jasho na mafuta ya nywele yanaimaliza, inaanza kuchunika vipande vyeusi unavikuta shingoni na kwenye kola ya shati, na sponji ya ndani inalala inakuwa bapa. Hapo mto hauzibi tena hata ufanyeje. Kubadilisha ni rahisi, za AirPods Max zimeshikwa na sumaku tu, za Sony WH-1000XM4 (hapa naiita XM4 tu) zimeshikwa na vimeno vya plastiki unazitoa kwa kupenyeza kitu chembamba kisicho na makali. Ila angalia unanunua nini. Mito ya kopi inatofautiana unene na ugumu wa sponji, na kwenye hedifoni za aina hii umbali kati ya spika na sikio ni sehemu ya ile hesabu niliyosema juu, kwahiyo mtu anaweka mito minene mizuri ya kuvutia halafu anashangaa kelele zimeongezeka.

Apdeti je? Hii ni kesi yenye historia. Mwaka 2019 wenye Bose QuietComfort 35 II (QC35 II) wengi walilalamika kwamba baada ya apdeti ya 4.5.2 ukataji kelele umepungua, kampuni ikachunguza, ikaenda mpaka majumbani kwa baadhi ya wateja, ikarudi na jibu kwamba apdeti haikupunguza kitu. Wapo ambao hawakuridhika mpaka leo. Mi ushauri wangu ni mmoja, kabla hujailaumu apdeti angalia mito na uangalie kwenye aplikesheni ya hedifoni kama kiwango cha ukataji hakijashuka chenyewe au modi haijahamia ile ya kuruhusu sauti za nje.

"Muziki unasimama wenyewe, modi inajibadilisha yenyewe"

Karibu kwenye ujuaji. Kwenye Sony, kuanzia XM4 ya mwaka 2020, kuna kitu kinaitwa Speak-to-Chat, ukifungua mdomo kuongea inasimamisha muziki na kukufungulia sauti za nje ili umsikie mwenzako. Wazo zuri, ila haijui kama unaongea na mtu au unaimba. Ukifuatisha kibwagizo inakata. Ukikohoa nayo inaweza kukata. Afu kwenye XM4 inawashwa na kuzimwa kwa kushikilia vidole viwili kwenye kikombe cha kulia, kwahiyo unaweza kuiwasha wakati unairekebisha tu kichwani bila kujua umeiwasha. Mi nimeizima tangu siku ya kwanza na sijawahi kuikumbuka.

Ya pili ni sensa ya kuvaa. XM4 inayo ndani ya kikombe cha kushoto, kazi yake ni kusimamisha muziki ukivua. Nywele nyingi, kitambaa, au mto ukisogea kidogo, inadhani umevua. Kama muziki unasimama kila ukigeuza kichwa, zima hiyo kwenye aplikesheni, ujionee.

Ya tatu inachekesha zaidi. Hizo hizo Sony, ukifunika kikombe cha kulia kwa kiganja, muziki unashuka na sauti za nje zinaingia, ili umjibu mtu haraka bila kuvua. Sasa panda basi la mkoa siti ya dirishani upande wa kulia, usinzie uegemee kioo. Kikombe kinagusa kioo, hedifoni inaona ni kiganja, muziki unashuka puu unaanza kusikia konda anadai tiketi na filamu ya kwenye basi. Ukiinua kichwa muziki unarudi. Ukisinzia tena unashuka. Watu wanasema ni betri, watu wanasema ni blutuu, kumbe ni kioo. Kaa upande wa kushoto au zima kidhibiti cha kugusa, kwenye aplikesheni kipo. Matone ya mvua na kapucho ya jaketi vinaleta vituko hivo hivo, sauti inapanda inashuka, nyimbo zinajiruka.

Ya nne, modi kubadilika ukitembea na ukikaa, na kale kamlio. Hiyo ni ile setingi inayofuatilia mwendo na mahali ulipo, ndo maana aplikesheni ilikuomba ruhusa ya lokesheni. Kwenye foleni ya Morogoro Road utakoma nayo, gari likienda inabadilisha, likisimama inabadilisha. Zima, na betri ya simu itakushukuru.

"Kwenye mkutano sauti inakuwa mbovu ghafla"

Hii inalalamikiwa sana na wanaofanya kazi kwa laptopu. Muziki safi kabisa, unaingia Zoom au Teams, ghafla kila kitu kinasikika kama kinatoka ndani ya ndoo. Hedifoni haijaharibika. Blutuu ya kawaida ina njia mbili: moja ya kusikiliza tu, ya stirio yenye ubora, na nyingine ya simu ambayo inabeba maiki na sauti kwa pamoja. Programu ikiomba maiki ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya simu, na hiyo ni mono, sampuli za kilohezi 8 au 16 tu, wakati muziki ulikuwa kwenye 44.1 na kuendelea. Na haitarudi mpaka maiki iachiwe, ndo maana mkutano umeisha ila Zoom ipo wazi kwa nyuma na muziki bado mbovu.

Dawa ni kuingia kwenye setingi za sauti za hiyo programu ya mkutano, spika uchague hedifoni, maiki uchague ya laptopu yenyewe. Basi. Utasikia vizuri na wao watakusikia vizuri, pengine kuliko mwanzo, kwasababu maiki ya hedifoni ipo mbali na mdomo na inapambana na kelele za pembeni. Kwenye Windows ukiona hedifoni imejitokeza mara mbili, moja ina jina Stereo nyingine Hands-Free, we chagua Stereo. Nisikudanganye, chumba chenye kelele maiki ya laptopu itaokota zote, hapo itabidi uchague utateseka wewe au watateseka wao.

Blutuu mpya ya LE Audio yenye kodeki (njia ya kubana sauti ili isafiri hewani) ya LC3 imekuja kutibu hili, ila lazima hedifoni iwe nayo na simu au kompyuta iwe nayo pia, upande mmoja ukikosa unarudi kwenye njia ya zamani.

"Inakatakata"

Kama ni Android na umewasha LDAC, ile kodeki ya Sony ya muziki wa ubora wa juu, anza hapo. LDAC ina ngazi tatu, kilobiti 330, 660 na 990 kwa sekunde, na ile ya 990 inahitaji hewa safi. Kituo cha mwendokasi saa kumi na moja jioni, kila mtu ana kidude cha blutuu sikioni, hewa sio safi. Kwenye aplikesheni ya Sony chagua muunganiko imara badala ya ubora wa sauti, au kwenye setingi za blutuu za simu zima LDAC, na ukweli ni kwamba ndani ya gari hutasikia tofauti. Wa iPhone hawana LDAC kabisa, wanatumia AAC, kwahiyo msihangaike kuitafuta.

Kama inakatika nyumbani tu, mtuhumiwa ni Wi-Fi ya gigahezi 2.4, blutuu inaishi humo humo. Hamisha laptopu kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Kama inakatika ukichomeka flashi au hard disk ya USB 3, sio uchawi, USB 3 inatoa kelele kwenye masafa hayo hayo, Intel wenyewe waliliandika hilo mwaka 2012, hamishia upande mwingine wa laptopu au tumia waya mrefu kidogo. Na kama inakatika ukitembea, toa simu mfuko wa nyuma. Mwili wa binadamu ni maji mengi na maji yanameza hayo mawimbi.

"Inaenda kuunganika kwa mwingine"

XM4 inakumbuka vifaa 8, cha tisa kikija kinamfuta wa zamani. Na nyingi za sasa zinashika viwili kwa mpigo, simu na laptopu. Shida ni kwamba laptopu iliyofunguliwa chumbani ikicheza hata kavideo ka tangazo, inaweza kunyang'anya sauti ya simu uliyonayo sebuleni, unabaki na ukimya. Mwingine alimwachia mdogo wake simu ya zamani bila kuifuta, sasa kila akiwasha hedifoni inamkimbilia mdogo mtu. Ingia kwenye kile kifaa kingine usahaulishe hedifoni hapo hapo, kufuta upande wako peke yake haitoshi.

Filimbi, "pu!", na upepo

Mlio mkali wa filimbi ukishika kikombe au ukilala ubavu: maiki inaisikia spika na inajibu, zinazungushana. Ukiachia unaisha, ni kawaida. Ukiendelea hata hedifoni ikiwa imekaa vizuri kichwani bila kuguswa, hapo mto una mwanya au maiki ina uchafu. Futa vitundu kwa brashi laini kavu, usiingize sindano.

"Pu!" kwenye matuta: daladala likiruka tuta au mlango ukifungwa kwa nguvu, shinikizo la hewa linapanda ghafla kupita uwezo wa chipu, inazidiwa, unasikia kishindo au kikombe kinakwaruza mara moja. Ipo kwenye nyingi, hata za bei ya juu, na mwanya unaiongeza.

Upepo kwenye bodaboda au ufukweni unapiga maiki moja kwa moja na hedifoni inauingiza sikioni. Kuna modi ya kupunguza upepo, iwashe. Ila kwenye bodaboda vua kabisa, unahitaji kusikia lori.

"Masikio yanabana"

Wengine wakiwasha tu wanahisi kama ndege inashuka, masikio yamejaa. Hakuna hewa iliyoongezeka humo ndani, ni kwamba mngurumo wa chini umetoweka ghafla na ubongo umezoea kulitafsiri hilo kama shinikizo. Shusha kiwango cha ukataji, au kwenye chumba kimya zima kabisa. Kama unapata kizunguzungu kila mara, usijilazimishe, kuna watu miili yao haiitaki tu.

Chaji, joto na jasho

XM4 na XM5 zikiwa kwenye chaji haziwaki. Sio mbovu, zimetengenezwa hivo, kwahiyo usiku umeme ukirudi na una mkutano asubuhi, chaji kwanza. Dakika 10 kwa XM4 zinakupa kama saa 5. Betri iliyojaa inatakiwa kukupa karibu saa 30 na ukataji umewashwa kwa hizo Sony mbili, 20 kwa AirPods Max, 60 kwa Momentum 4, sasa linganisha na ya kwako ujue imechoka kiasi gani, na kumbuka mpya ya miaka minne sio mpya.

Ikigoma kuchaji, badilisha waya kabla ya yote, halafu angalia pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa kwenye tundu la USB. Halafu joto. Sony wanasema ichajiwe kati ya nyuzi 5 na 35, na hedifoni iliyoshinda kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar imepita hapo zamani, iache ipoe kwanza. AirPods Max hazina kitufe cha kuzimia, ukizirusha kwenye begi bila kile kikoba chake zinachukua muda kuingia usingizi mzito, kwahiyo ukikuta chaji imepungua usimtafute mchawi.

Maji: XM4, XM5 na AirPods Max hazina daraja lolote la kuzuia maji. Za gym zipo zingine, tafuta hizo. Ukitoka jasho au kwenye kiyoyozi kikali kuingia joto la nje, toa mito ya AirPods Max uangalie, vikombe ni vya chuma na watu wameripoti kukuta matone ndani. Futa kwa kitambaa kikavu, acha wazi ikauke. Usiweke kwenye mchele, vumbi lake litaingia kwenye maiki.

Upande mmoja umekufa

Usilie bado. Nenda kwenye simu, setingi za usaidizi, utafute ule mstari wa kulia na kushoto, mara nyingi umeteleza upande mmoja. Upo katikati? Chomeka waya. Kama pande zote zinalia kwa waya, spika ni nzima na shida ipo kwenye blutuu, riseti. Kama upande ule ule umekufa hata kwa waya, huyo sasa ni wa fundi. Kwa AirPods Max hakikisha zina chaji kwanza, zikiisha chaji hata waya hausaidii.

Je, ni orijino?

Swali la uchungu. Kopi za XM na za AirPods Max zimejaa Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi, zina boksi, zina namba, na kopi za Apple zinaleta mpaka kale kapicha ka kuunganisha kanakojitokeza kwenye iPhone. Kipimo rahisi cha Sony ni aplikesheni yake: ikikataa kuitambua hedifoni wakati blutuu imeunganika, una jibu. Kwa Apple ingiza namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) kwenye tovuti yao, na iweke kwenye mizani, ya kweli ina karibu gramu 385, ni chuma. Kopi nyingi ni plastiki na ni nyepesi. Kama ni kopi, yote niliyoandika juu kuhusu ukataji hayakuhusu sana, humo ndani mara nyingi hamna kinachokata.

Kuriseti

Ni ya mwisho kwasababu inafuta kila kitu. XM4: isiwe kwenye chaji, shikilia kitufe cha kuwasha na cha CUSTOM pamoja sekunde 7 hivi, taa ya bluu itapepesa mara nne. AirPods Max: shikilia kile kigurudumu na kitufe cha kelele sekunde 15, taa inaanza rangi ya machungwa kisha nyeupe. Baada ya hapo, na hapa ndo wengi wanakwama, lazima uisahaulishe pia kwenye simu na laptopu zote ndo uiunganishe upya, la sivyo simu inaendelea kuita hedifoni ambayo haiikumbuki tena.

Ukishariseti na bado, na waya umejaribu, na mito ni mizima, peleka. Ila peleka kwa mwenye dhamana kwanza kama muda haujaisha, na stika za ndani usiziguse.